Fungu la Mtu Mmoja

Mwaka jana nilialikwa mjini Njombe kusikiliza mjadala wa vijana wa kidato cha sita. Hoja iliyowekwa mbele ya baraza ilikuwa hii: kwamba taifa letu ni jamhuri, wala si demokrasia. Upande wa kwanza ulidai kuwa jamhuri ni sheria na utulivu, na demokrasia ni kelele za wengi. Upande wa pili ulijibu kuwa demokrasia ni sauti ya watu, na jamhuri ni jina la kupambia muhuri wa serikali. Baridi ya Juni ilikuwa kali, lakini maneno yalikuwa ya moto. Mwishowe mikono ilihesabiwa, demokrasia ikashinda, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliona kuwa pande zote mbili zimeazima ugomvi wa jirani na kuuacha wa nyumbani bila mwamuzi.

Ugomvi ule ni wa Wamarekani. Mwaka 1787, alipokuwa akiitetea katiba mpya ya nchi yake, James Madison alitenga mambo mawili. Demokrasia kwake ilikuwa watu kukusanyika na kuamua wenyewe; jamhuri ilikuwa watu kuwachagua wachache waamue kwa niaba yao. Alikuwa na haki ya kuyapa maneno maana aliyoitaka, maana alikuwa akijenga nyumba yake. Kwa kipimo chake sisi tu jamhuri bila ubishi, na mjadala wa Njombe ulikwisha kabla ya kuanza. Lakini Kiswahili kina maneno yake, na maneno yana nasaba.

Neno jamhuri tumelipata kwa Waarabu, na asili ya maana yake ni umma, watu walio wengi. Neno demokrasia limetoka kwa Wayunani, nalo ni enzi ya watu. Basi Mswahili asemaye kuwa sisi ni jamhuri, si demokrasia, akaribia kusema kuwa sisi ni watu, si watu. Hata hivyo sidai kuwa maneno haya ni kitu kimoja. Kila moja hujibu swali lake. Demokrasia hujibu swali la nani aamue. Jamhuri hujibu swali lililotangulia hilo: nchi hii ni mali ya nani?

Siku ya pili nilishuka Makambako kungoja basi, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Nikaketi karibu na mama mmoja muuza viazi, nikamwamkia, tukazungumza. Alinieleza kuwa katika soko dogo alilokuwapo zamani, wauzaji walikutana wakapiga kura kwamba nafasi yake apewe mtu mwingine. Mikono yote ilinyanyuka isipokuwa wake. Ushuru alikuwa akilipa kama wao. "Kura walipiga, mwanangu, sikatai," aliniambia. "Lakini ile nafasi ilikuwa yao hata waipigie kura?"

Hapo nilisikia jambo ambalo ukumbi mzima wa Njombe haukulisema. Ipo kura halali juu ya kitu cha wote, na ipo kura juu ya fungu la mtu. Ya kwanza ni demokrasia. Ya pili ni unyang'anyi uliohesabiwa vizuri. Jamhuri ndiyo ukuta uliosimama katikati ya kura hizo mbili.

Sisi tulilijibu swali la mwenye mali kwanza. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, lakini mkuu wa dola alibaki Malkia wa Uingereza. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri, na mwaka uliofuata sheria iliyowapa machifu mamlaka ikafutwa. Watwa wa Ubena wakawa raia sawa na wakulima waliokuwa wakiwanyenyekea. Nchi ikaacha kuwa urithi wa ukoo wa mbali au wa karibu. Kila mtu akawa na fungu lake, wala hakulipewa na jirani kwa hisani.

Fungu moja katika hayo ni haki ya raia kusimama mbele ya wenzake akaomba kura. Haki hii ilikuwapo hata kabla ya uhuru. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake baada ya chama kumteua mtu mwingine. Tanganyika haikuanguka. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja. Wapiga kura walichagua kati ya jembe na nyumba, na hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikipoteza kiti chake. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa siku zile kura haikuwa na meno. Lakini ufunguo wa kugombea uliingia katika mfuko wa chama. Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi. Mifuko ikaongezeka, ufunguo ukabaki mfukoni.

Aliyethubutu kuudai alikuwa mzaliwa wa Ludewa, wilaya ambayo leo imo katika mkoa huu wa Njombe: Mchungaji Christopher Mtikila. Oktoba 1994 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Lugakingira iliyotolewa Dodoma, ilikubali kuwa raia aweza kugombea bila chama. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likabadili Katiba kuizima haki hiyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliliona jambo hilo kuwa la hatari. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa Mtikila haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaiondoa, ikisema kuwa shauri hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kuwa Tanzania imevunja haki yake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari mwaka 2015. Sharti la chama limo katika Katiba hata sasa.

Msomaji asidhani kuwa namtetea kwa sababu ya mapenzi. Mengi aliyoyasema juu ya raia wenzetu wenye asili ya Asia yalinichukiza, na yananichukiza bado. Lakini mizani ya jamhuri haipimwi kwa mtu tumpendaye. Tumpendaye tungempa haki yake hata bila katiba.

Sasa tazama tulivyolitumia neno. Wakenya, ambao katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu mtu wa namna hii, humwita mgombea huru. Sisi tumemwita mgombea binafsi, kana kwamba anatafuta maslahi ya tumbo lake, na mgombea wa chama peke yake ndiye autafutaye wema wa umma. Tulimhukumu kwa jina kabla ya kumhukumu kwa sheria. Sisi tunaofundisha lugha tulikuwapo, na tulinyamaza.

Nitajibiwa kuwa wagombea wasio na chama wataleta fujo, na kwamba tajiri ataununua ubunge. Je, tajiri hawezi kuununua ndani ya chama, ambako mara nyingi wajumbe wachache ndio wanaopiga kura za maoni? Ni rahisi kuwahonga mia kuliko kuwahonga elfu hamsini. Kama tunahofia utitiri wa wagombea, na wadaiwe saini za wapiga kura wa kutosha. Masharti ni halali. Kufunga mlango si sharti.

Nitajibiwa pia kuwa Bunge lilichaguliwa na wengi, na wengi wakiamua wameamua. Jibu la hoja hii limo katika historia ya vyama vyenyewe. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchini mwaka 1991, karibu watu wanane katika kila kumi waliosikilizwa walitaka chama kimoja kiendelee. Kama hesabu ndiyo sheria yote, mfumo wa vyama vingi usingezaliwa. Tume ilipendekeza vyama vingi kwa kuwaheshimu wale wawili. Kila chama kinachofurahia usajili wake leo kinaishi kwa msingi huo: kwamba fungu la wachache halipigiwi kura na wengi. Basi kwa uso gani vyama hivyo, vikubwa kwa vidogo, vitamwambia mtu mmoja asiye na kadi kuwa yeye hana fungu?

Kwa hiyo nasema kinyume cha pande zote mbili za Njombe. Kwa miaka zaidi ya 30 tumeililia demokrasia, na kilio hicho ni cha haki. Lakini tulichopungukiwa zaidi ni jamhuri. Tunapiga kura juu ya orodha zilizoandikwa na wengine, katika nchi ambayo kwa jina ni yetu sote. Demokrasia isiyo na jamhuri ni lile soko la mama muuza viazi. Nayo jamhuri isiyouliza watu ni ufalme uliobadili kofia.

Vijana wale wa Njombe wana vichwa vyema, na ukumbi upo. Nawaomba waweke hoja nyingine mezani: kwamba raia asiye na chama ana haki sawa ya kuomba kura. Wakinialika nitakuja, baridi iwe iwavyo, na mikono itakapohesabiwa nitaunyanyua wangu hata ukiwa peke yake.