Shokapu Inayovuja Isiruhusiwe Kuanza Mbio

Siku ya mashindano ya motokrosi Jamhuri Park jijini Nairobi, au kule Garuga na Busiika nchini Uganda, wapite watoto waliopanga pikipiki zao kwenye mstari wa kuanzia. Acha plastiki zinazong'aa na ekzosi mpya. Inama utazame shokapu za mbele, pale mguu wa kromu unapoingia kwenye bomba la juu. Ukikuta duara jeusi la oili iliyoshikana na vumbi, hiyo pikipiki haikupaswa kufika pale.

Tunasema wazi: mkaguzi wa klabu akiona shokapu inavuja, pikipiki irudi kwenye hema ikatengenezwe, hata kama mwenyewe anaongoza msimu. Kofia mbovu haivumiliwi, na hii isivumiliwe.

Sababu iko kwenye umbo lenyewe. Karibu pikipiki zote za motokrosi za leo, ukiacha zile ndogo kabisa za wanaoanza, zina shokapu zilizopinduliwa: bomba nene juu, jembamba chini, na sili inakaa mdomoni mwa lile nene. Sili ikishindwa, oili inateremka na mguu moja kwa moja hadi kwenye kalipa na diski ya breki. Mtoto anatua kutoka kwenye tuta, kona iko mbele yake, anabana breki ya mbele na pedi zinateleza. Hapo hakuna ufundi wa kuendesha utakaomwokoa.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba mara nyingi dawa yake ni ya dakika chache. Chembe ya mchanga au tope kavu imenasa chini ya mdomo wa sili. Unashusha kifuniko cha vumbi taratibu kwa bisibisi bapa, unakata kipande chembamba cha chupa ya plastiki na kukitengenezea ncha kama ndoano, unakiingiza kati ya sili na mguu, unazungusha na kuvuta uchafu utoke. Futa, rudisha kifuniko, bonyeza shokapu mara kadhaa, tazama tena. Ikiendelea kuvuja, badilisha sili, lakini kwanza pitisha ukucha kwenye kromu kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama, jiwe limepiga hapo, na pasipolainishwa kwa msasa laini sana, sili mpya itachanika vilevile.

Kuna ubovu mwingine ambao haujionyeshi kwa nje. Oili ya shokapu huchakaa. Springi inasugua bomba, bushi zinalika, na unga wa chuma unabaki humohumo ukizunguka. Fungua shokapu iliyokimbia msimu mzima bila kuguswa: kinachomwagika ni rangi ya maji ya kufulia, na kinanuka. Mafundi wa kazi hii huhesabu saa za kuendesha badala ya miezi, na wengi watakwambia oili ibadilishwe kati ya saa 20 na 40, mapema zaidi penye tope na mchanga. Wazazi wengi hubadilisha oili ya injini kwa uaminifu mkubwa na hii ya mbele hawajawahi kuiona.

Oili ikishabadilishwa, hapo ndipo marekebisho yanapoanza, si kabla. Kuzungusha skrubu za shokapu yenye oili iliyokufa ni kupoteza Jumamosi. Na hata oili ikiwa mpya, skrubu hazisaidii kama springi si ya uzito wa mpanda. Pikipiki nyingi za watoto hapa kwetu zimepita mikono ya wengine, na mtoto wa miaka 11 haendi mwaka bila kuongeza kilo. Mpimeni akiwa amevaa kila kitu, buti na kofia, kisha mpime nyuma pikipiki inazama kiasi gani akikaa juu yake. Kwa pikipiki kubwa, kawaida ni kama milimita 100 hadi 105. Ndogo zina kipimo chao kwenye kitabu. Nyuma ikizama kupita kiasi, mbele inanyanyuka na kukataa kona, na watu wanailaumu shokapu ya mbele bure.

Baada ya hapo ndiyo mguse skrubu, kliki mbili kwa wakati, na kila badiliko liandikwe. Usukani ukimrudia mtoto kwa kishindo baada ya shimo, shokapu inarudi haraka mno. Ikizidi kuzama kwenye matuta yanayofuatana, inachelewa kurudi. Mliotoka Mombasa kuja kukimbia Nairobi, toeni hewa kwanza: hewa mliyoifungia pwani inasukuma kwa nguvu zaidi huku kwenye mita 1,700, na shokapu inakuwa ngumu bila aliyeigusa. Inueni pikipiki hadi tairi la mbele lining'inie, kisha mlegeze vile viskrubu vidogo vya juu. Shokapu za springi tu, si zile zinazobeba mzigo kwa hewa. Hizo zinahitaji pampu yake na geji.

Fundi wa bodaboda tunamheshimu, na shokapu ya kawaida anaifungua akizungumza. Hii ya motokrosi ina katriji ndani, inayotaka oili ipimwe kwa mililita na hewa itolewe yote kabla ya kufungwa. Kumkabidhi bila kitabu wala vifaa ni kumwonea. Klabu zinunue vifaa hivyo mara moja, geji, silinda ya kupimia na spana zake maalumu, vikae klabuni na kila familia ivitumie. Zimlipe fundi anayeijua kazi aje siku ya mazoezi awafundishe wengine wawili watatu. Fedha hizo ni ndogo kuliko ekzosi moja ya kuagizwa.

Wakaguzi nao wapewe kitambaa cheupe. Wakipitishe kwenye kila mguu wa shokapu asubuhi, kabla ya mazoezi ya kwanza, na kinachorudi na oili kiamue.