Nani Aliipima?

Katikati ya Februari, saa tatu usiku na dakika kadhaa, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Mtwara. Wasomaji wa Kurani wanaijua kama Shira, iliyotajwa katika Sura An-Najm. Wanafalaki huiandika Sirius. Toleo hili tumelitoa kwa jirani yake, Sirius B, nyota nyeupe iliyoingiwa na ubuluu kidogo, hafifu hata macho matupu hayaioni kamwe. Zingehitajika nyota kama 10,000 za namna yake ili mwanga wao ulingane na wa Shira.

Kwa nini kurasa zote hizi kwa kitu kisichoonekana? Nilipokuwa kidato cha tatu tuliandikiwa ubaoni joto la Jua, uzito wa Jua na umbali wa Jua. Nilinyoosha mkono nikauliza ni nani aliyekwenda kupima. Nikajibiwa kwamba hilo halitoki kwenye mtihani. Tangu siku ile naamini kuwa mtoto anayepewa tarakimu bila njia iliyoileta amepewa uvumi, hata kama tarakimu yenyewe ni sahihi. Maandishi yetu mengi ya sayansi kwa Kiswahili bado yana kasoro hiyo. Yamejaa maajabu na mabilioni, na msomaji huachwa ameduwaa, mikono mitupu. Waandishi wa toleo hili niliwaomba jambo moja tu: kila kipimo kije na mpimaji wake.

Tuanze na uzito, kwa sababu ulianza kujulikana kabla nyota haijaonekana. Friedrich Bessel wa Königsberg alichunguza mwendo wa Shira angani akaona hauendi sawasawa. Nyota ilikuwa ikiyumba kidogo sana, kama mtu anayetembea huku mtoto akimvuta mkono. Mwaka 1844 alitangaza kwamba Shira ina mwenzake asiyeonekana. Alifariki miaka miwili baadaye, hajamwona. Nyota mbili zilizofungamana hivyo huzunguka kitovu kimoja, na iliyo nyepesi ndiyo inayopita njia pana zaidi; ukizipima njia zote mbili na muda wa mzunguko, ambao hapa ni miaka 50, umekwisha kuziweka kwenye mizani. Sirius B ina uzito wa Jua na asilimia mbili juu yake. Shira ina mara mbili ya huo.

Aliyeiona kwanza ni Alvan Graham Clark, tarehe 31 Januari 1862 huko Massachusetts, alipokuwa akijaribu lenzi mpya ya upana wa sentimita 47 kutoka karakana ya baba yake. Lenzi ile ilikuwa imeagizwa na Chuo Kikuu cha Mississippi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaizuia, ikaishia Chicago.

Hapo fumbo likaanza. Nyota yenye uzito wa Jua, lakini mwanga wake unaoonekana ni hafifu mara mamia kuliko wa Jua: wengi walidhani ni kaa linalozimika, jekundu na lililopoa. Mwaka 1915 Walter Adams, kwenye mlima Wilson huko California, alifaulu kuutenga mwanga wake na ule wa Shira na kuutandaza rangi kwa rangi. Akakuta nyota nyeupe yenye moto mkali. Leo joto la uso wake linakadiriwa kuwa nyuzi 25,000 hivi. La Jua ni kama 5,500.

Hebu msomaji tuhesabu pamoja. Nishati inayotoka katika kila mita ya mraba hupanda kwa nguvu ya nne ya joto. Joto likiwa zaidi ya mara nne, mita moja ya mraba ya nyota hii hutoa mara 350 na zaidi ya ile ya Jua. Lakini nyota nzima, hata ukijumlisha mwanga usioonekana kwa macho, hutoa takriban sehemu moja ya arobaini tu ya nishati ya Jua. Basi mita zake za mraba ni chache mno: uso wake wote ni kama sehemu moja ya 15,000 ya uso wa Jua. Kipenyo chake kinakuja kilomita 11,300 hivi. Dunia yetu ina 12,700.

Uzito wa Jua zima ndani ya tufe dogo kuliko Dunia! Sentimita moja ya ujazo ina wastani wa tani 2.7, na kijiko cha chai kinabeba zaidi ya tani 13. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ungeelemea pale kama tani 20,000 na zaidi. Kinachozuia nyota isijibomokee ni elektroni zilizobanwa, ambazo kwa maumbile yake hazikubali kurundikana katika hali moja. Ralph Fowler alilieleza hilo mwaka 1926. Miaka minne baadaye kijana wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kutoka India kwenda Uingereza, alifanya hesabu iliyoonyesha kwamba ustahimilivu huo una kikomo, ambacho leo tunajua ni uzito wa Jua mara 1.4 hivi. Nyota za aina hii, vibete vyeupe, zina tabia nyingine inayonishangaza hadi leo: kadiri kibete kinavyokuwa kizito, ndivyo kinavyokuwa kidogo.

Nakuja kwenye kisa kilichonifanya niichague nyota hii. Mwanga unaopanda kutoka kwenye mvuto mkali huchoka na kuvutika kuelekea wekundu, kama Einstein alivyotabiri. Mwaka 1925 Adams alipima mvutiko huo akapata kama kilomita 20 kwa sekunde, na hesabu ya Arthur Eddington ilikuwa imetangulia kusema hivyo hivyo. Ulimwengu wa fizikia ukafurahi. Kumbe yalikuwa makosa mawili yaliyokutana: mwanga wa Shira ulikuwa umechafua kipimo, na joto lililotumika kwenye hesabu lilikuwa dogo, kwa hiyo nyota ikadhaniwa kubwa kuliko ilivyo. Tarakimu sahihi ni kama kilomita 80. Waliokuja kurekebisha waliweza kwa sababu njia ya kupima ilikuwa imeandikwa pamoja na jibu. Wangeachiwa jibu peke yake, wasingekuwa na mahali pa kuchokonoa.

Kwenye ukurasa unaofuata tumechapa picha ya miale ya eksirei iliyopigwa na darubini ya angani Chandra, iliyorushwa mwaka 1999 na kupewa jina la yule kijana wa melini. Nukta mbili. Inayong'aa sana ni Sirius B. Ile hafifu ni Shira.