Kidonda cha babu kinapungua? Chukua rula

Babu alipopata kiharusi mwaka jana tulimrudisha kwake Marui, Kisarawe, akiwa hawezi kujigeuza. Haukupita mwezi akatoka kidonda cha kulalia juu kidogo ya makalio. Kila nikipiga simu, shangazi ananiambia, "Kinaendelea vizuri, mwanangu, kinapungua."

Nilipokwenda, nesi wa zahanati alituuliza: wiki mbili zilizopita kilikuwa sentimita ngapi? Tukatazamana. Akapima: urefu 5, upana 4. Wiki mbili baadaye, 6 kwa 4. Kidonda tulichokisifu kilikuwa kinatanuka! Alipotudadisi ikajulikana kuwa babu tulimgeuza mchana tu. Usiku tulilala wote.

Kidonda ukikiona kila siku, jicho linazoea. Ndiyo maana kinapimwa mara moja kwa wiki, kikishasafishwa, mgonjwa akiwa amelala ubavu uleule, kwani mkao ukibadilika ngozi huvutika na kipimo hubadilika. Nawa mikono, shika rula safi juu ya kidonda bila kukigusa. Urefu ni pale kinapofika mbali zaidi kutoka upande wa kichwa kuelekea miguuni. Upana unaukata huo. Zidisha: 5 mara 4 ni 20. Kikifika 5 kwa 3 ni 15, kimepungua robo. Andika na tarehe.

Kina muachie nesi, yeye hutumia kijiti safi cha pamba. Tundu dogo kwa nje linaweza kuficha pango chini ya ngozi. Pia nyama iliyokufa ikiondolewa, kidonda huonekana kikubwa ghafla. Hapo usikate tamaa, uliza.

Wiki mbili zikipita bila kupungua, rudi kituoni. Homa, usaha, harufu kali au mfupa kuonekana, nenda siku hiyohiyo. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo pitisha mkono pembeni: kuna joto? Pamekuwa pagumu?

Wenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mgongo wazi, haya yanawahusu pia. Mkague visigino, nyonga na kisogo.

Sasa shangazi na binamu zangu wanapokezana usiku kumgeuza babu kila baada ya saa 2. Jumamosi alinitumia picha ya daftari: 3 kwa 2.