Umewaacha Wenzako, na Deni Je?

KIBARAZANI
Na Tabitha Mwambungu

Ushuhuda wa aliyeokoka siku hizi una mpangilio wake. Kijana anapewa maikrofoni, anataja bia, bangi na mikeka ya kubeti, kisha anafika pale kusanyiko linaposubiri: nimewafuta marafiki wote wa zamani, nimetoka kwenye magrupu yote, hata namba nimebadilisha. Amina! Haulizwi kama miongoni mwa hao aliowafuta yumo mweka hazina wa kikoba anayemdai, au mama wa mtoto ambaye hajaona matumizi tangu shule zifunguliwe. Kwa mwenye madeni, kubadilisha namba ni wokovu wa aina yake.

Sikatai kwamba mwenye kutubu hana budi kujitenga. Aliyeacha pombe jana hana la kufanya kilabuni leo, hata kama ataagiza soda. Waislamu wana hadithi mashuhuri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeua watu 99. Alimwendea mcha Mungu kuuliza kama ana toba, akaambiwa hana, naye akamuua, wakatimia 100. Mwanachuoni aliyemwendea baadaye alimwambia toba ipo, ila auhame mji wake, kwa kuwa ulikuwa mji wa uovu, aende kwa watu wanaomwabudu Mungu. Akafia njiani, na malaika wa rehema ndio waliomchukua. Lakini masheikh hao hao wanaosimulia kisa hiki hufundisha pia kwamba kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia havitoshi pale dhambi inapogusa haki ya mtu. Haki irudishwe kwa mwenyewe, au akuachilie kwa ridhaa yake.

Kwa Wakristo wa ukanda huu, wazee wa Uamsho walilishika jambo hilo kuliko sisi wajukuu wao. Uamsho ule uliopamba moto Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Bukoba na Kenya, ulikuwa na ukali wake. Ndoa na ukoo vilitikisika, na wapo waliochoshwa na watu wa kuungama kila wiki. Hata hivyo aliyeokoka alitazamiwa kurudisha alichoiba, awe amemwibia jirani au mwajiri. Alikwenda kwa miguu yake, akagonga mlango, akasema ni mimi. Kwenye ushirika wao hakukuwa na mkubwa asiyeguswa. Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini, naye aliungama mbele ya Waafrika, jambo la ajabu kwa zama za ukoloni. Na mwaka 1941, kundi la wanafunzi wa theolojia, akiwamo William Nagenda, walipofukuzwa chuoni Mukono, Uganda, walokole hao wa Uamsho hawakukimbilia kuanzisha kanisa lao. Wengi walibaki ndani ya Anglikana ileile, wakiendelea kuwasumbua maaskofu.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Wazee wale waliacha wizi na ulevi, lakini waliowakosea walijua pa kuwapata, na wenye kuwauliza maswali walibaki karibu. Kujitenga kwa siku hizi mara nyingi huanza na hao wenye maswali: mama anayeuliza mshahara unakwenda wapi, shangazi anayeuliza kwa nini mtoto hapelekwi hospitali. Wote wanaitwa watu wa dunia.

Kenya imeona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya waumini, ambayo hatimaye ilizidi 400, ikiwamo mingi ya watoto. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka, na mahakama ina kazi yake. Ila kabla ya waumini hao kufa njaa msituni, kulikuwa na familia zilizotoa watoto shuleni, zikauza mali, zikakata mawasiliano na ndugu.

Wachungaji wangu, kabla ya kumpa kijana maikrofoni, kaeni naye ofisini na daftari. Mwulizeni anadaiwa na nani, amemwumiza nani, nani anamtafuta. Ikibidi, mzee wa kanisa amsindikize kwa mweka hazina wa kikoba. Ushuhuda usubiri mpaka alipe awamu ya kwanza, na mchungaji naye awe tayari kuonyesha daftari lake.