Tai Si Tabaka

Mama anayeuza omena sokoni Busia ili amsomeshe mwanawe ana ndoto moja: mtoto aje akae ofisini. Ndoto haina kosa. Kosa liko katika imani iliyojengwa juu yake, kwamba mtoto akishavaa tai na kukaa mbele ya kompyuta amehama tabaka, na wavuja jasho amewaacha huko nje na malori. Imani hiyo hupima tabaka kwa kola, kwa Kiingereza, kwa kiti cha kuzunguka. Karl Marx alipima kwa swali jingine: nani anamiliki njia za uzalishaji mali, na nani hana cha kuuza ila nguvu zake za kazi?

Lipeleke swali hilo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Kenya. Karani wa wakala wa forodha anajaza hati za kontena lenye mali ya mamilioni. Kontena si lake, lori si lake, leseni ya uwakala si yake, hata kompyuta anayobofya si yake. Dirishani anapita mtu wa boda boda ambaye, kama hakukodi na mkopo ameumaliza, ana pikipiki yake. Kwa kipimo cha Marx huyo wa nje ni mmiliki mdogo. Mwenye tai ndiye aliye mikono mitupu. Dharau, ajabu, hutoka ndani kwenda nje. Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa katika mpaka huu, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine. Pikipiki ilipozimeza baiskeli, wasomi waliona ni mambo ya watu wa chini. Kisha mwaka 2014 likaja eneo moja la forodha la Afrika Mashariki, na shehena ya Uganda ikaanza kulipiwa ushuru ingali Mombasa. Wasafirishaji walifurahi, na walikuwa na haki. Ila sehemu kubwa ya kazi ya hati iliyowalisha makarani wa mpakani ilihamia huko, na cheti hakikumkinga mtu. Marx alishaandika, katika juzuu la tatu la *Das Kapital* lililotoka mwaka 1894, kwamba elimu ikienea makarani huongezeka na ujira wao hushuka.

Utaniambia karani analipwa vizuri kuliko mpakiaji. Ni kweli, lakini ukubwa wa mshahara hauondoi ukweli kwamba ni mshahara. Tazama hati yake ya malipo: kodi ya mapato, asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba, vyote vimekatwa kabla hajagusa shilingi. Mwenye kampuni hutoa gharama zake kwanza, ndipo atangaze faida ya kutozwa kodi.

Hoja nzito zaidi ni ya afisa wa serikali, anayeweza kulizuia lori kwa kutogonga muhuri tu. Huyo kweli si sawa na kuli, na mwanazuoni Issa Shivji alionyesha mwaka 1976, akiichambua Tanzania, jinsi wakubwa wa dola wanavyoweza kugeuka tabaka linalotawala. Lakini hao ni wachache walio juu. Afisa wa dirishani ameazimwa mamlaka. Barua ya uhamisho ikifika, yeye hufunga virago. Muhuri hubaki mezani Malaba.