Nambari Kichwani mwa Bolti

Pemba si kisiwa cha tambarare. Gari litokalo Mkoani kwenda Chake Chake hupanda na kushuka vilima njia nzima, na msimu wa karafuu huwa limesheheni magunia na watu pamoja. Abiria humwamini dereva. Ni wachache wanaokumbuka kwamba maisha yao yamo pia katika bolti chache zilizo chini ya gari.

Wengi wadhani bolti iungayo shafti hubeba mzigo kwa shina lake, kama msumari. Sivyo. Kazi yake ni kuvibana vipande viwili vya chuma, na msuguano ulio baina ya vipande hivyo ndio uvizuiao visiteleze. Mbano ukilegea, vipande hucheza, shina huchoka kidogo kidogo, kisha hukatika, na ghalibu hukatika mlimani, pale injini inapovuta kwa nguvu zote.

Na tuhesabu. Bolti iliyotengenezwa kwa kipimo huchapwa nambari kichwani. Yenye 8.8 hukatika kwa nguvu ya nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na hufika 640 ndipo ianze kuvutika isirudi. Yenye 4.6 hukatika kwa 400, na huvutika kwa 240. Tuchukue moja ya kila aina, zote za milimita 16, tuzikaze hadi robo tatu ya kiwango cha kuvutika, na msuguano wa chuma kikavu tuukisie 0.2. Ya kwanza itazuia mzigo wa tani moja na nusu hivi. Ya pili haitafika kilo 600. Kwa macho ni pacha! Yakipenya mafuta baina ya vipande, hata hizo kilo zaweza kupungua kwa nusu.

Kwa hiyo hatuikubali kauli ya gerejini kwamba "bolti ni bolti". Twafahamu kuwa kipuri kifikacho Pemba kimekwishalipiwa nauli ya bahari, na mwenye gari hupenda cha rahisi. Lakini fundi ana haki ya kukataa, tena ni wajibu wake. Kila gereji yapasa iwe na spana ya kupimia mkazo, na Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji ndipo mahali pa kuwafunza hesabu hii mafundi waliokwisha kuwa kazini, si vijana peke yao. Mkaguzi wa magari naye asiridhike na taa na honi. Ainame chini ya gari, apanguse vumbi, asome nambari.