Diwani, Jumbe na Shaha: Vyeo Vilivyobaki Katika Lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa maana ya neno diwani, aghalabu hutoa majibu mawili: mwakilishi wa kata katika halmashauri, na mkusanyiko wa mashairi, kama Diwani ya Mnyampala. Jibu la tatu limeanza kusahauliwa. Katika Mrima wa zamani, diwani alikuwa mtawala wa mji, na cheo chake kilikuwa cha ukoo.

Madiwani wa Kishomvi walitawala Bagamoyo, Kaole na Kunduchi. Huku kwetu Soga, katika nchi ya Wazaramo, mkuu aliitwa pazi. Richard Burton alipopita Uzaramo mwaka 1857 alilikuta neno hilo likitumika kwa wakuu wa vijiji. Masimulizi yanaeleza kuwa Pazi Kilama aliwasaidia Washomvi kuwashinda Wakamba, nao wakakubali kumlipa ushuru wa kila mwaka ulioitwa kanda la Pazi. Ushujaa ulizaa cheo, kisha cheo kikawa jina la ukoo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba damu pekee ilitosha. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, anaonyesha kuwa aliyetaka ujumbe alipaswa kutoa ada na kuwakirimu watu wa mji. Nasaba ilimpa mtu haki ya kuomba. Heshima yenyewe aliipokea mbele ya wenzake.

Wajerumani walimfanya jumbe kuwa mtumishi wa serikali kijijini, chini ya akida. Mwaka 1963 Tanganyika ikafuta mamlaka ya machifu. Vyeo vikaondoka, maneno yakabaki. Rais wa pili wa Zanzibar, Aboud Jumbe Mwinyi, alibeba vyeo viwili vya kale katika jina lake, wala si vyeo hivyo vilivyompa urais. Diwani naye alirudi, ila safari hii kwa kura.

Wapo wanaoona maneno haya yananuka ubwana, heri yaachwe. Sikubaliani nao. Lugha iliyolitoa neno mikononi mwa ukoo na kulikabidhi kwa wapiga kura imefanya kazi kubwa, na kazi hiyo haionekani maana ya kale ikifutwa. Walimu wafundishe maana zote tatu.

Nasi washairi tujitazame. Shaha, jina tunalompa mkuu wa malenga, nalo lilikuwa cheo katika miji ya Mrima. Siku hizi kuna wanaojipachika ushaha na umalenga kabla hawajasomwa, na wengine hudai heshima hiyo kwa kuwa babu zao walitunga. Diwani wa leo hawezi kuamka asubuhi akajiita diwani. Kwa nini malenga aweze? Mtoto wa mshairi na arithi miswada ya baba yake, aihifadhi na kuichapisha. Jina la malenga alisubiri kutoka kwa wasikilizaji, baada ya kutunga.